Maswali ya kila siku kuhusu CRBC na CCCC: walikuaje wakubwa, nani anawalipa, na sisi tunabaki na nini

Nilifanya kazi kwenye saiti ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa–Nairobi waliyojenga CRBC, upande wa Tsavo, kwenye maabara ya zege, na tangu hapo mtu akijua tu ananiuliza maswali yale yale kuhusu hizi kampuni za ujenzi za Kichina, iwe kwenye matatu, iwe msibani, iwe kwa kinyozi. Basi nimeyaandika hapa yote. Mimi si msemaji wa kampuni yoyote. Nimeanza na yale rahisi, ya pesa na mikataba yako katikati, na ya wenye malori na kokoto nimeyaweka mwisho. Pale ambapo jibu lishatolewa sitarudia, nitakuelekeza tu urudi wapi.

## Ya kuanzia

CRBC na CCCC ni kampuni moja au mbili?

Ni mama na mtoto. CCCC (China Communications Construction Company) ndo mama, kampuni ya serikali ya China, iliundwa 2005 pale serikali yao ilipochukua kampuni mbili, moja ya bandari na moja ya barabara na madaraja, ikaziweka chini ya paa moja. Ile ya bandari ndo CHEC (China Harbour), ile ya barabara ndo CRBC (China Road and Bridge). Na wapo watoto wengine wengi tu, wa kuchimba mchanga baharini, wa kuchora ramani, wa kutengeneza kreni. Zile kreni kubwa za kushusha kontena zenye herufi ZPMC, ambazo ziko bandari nyingi duniani, ni za mtoto mwingine wa nyumba hiyo hiyo.

Sasa kila mtoto ana mlango wake. Ukiwa Nairobi utasikia CRBC kila kona, ukiwa bandarini Dar ni CHEC, ukienda Lamu au barabara ya Kampala–Entebbe unakuta jina la mama mwenyewe. Ndo maana watu huchanganyikiwa wakadhani ni kampuni tatu zinashindana.

Walianza lini? Si walikuja juzi tu na Kibaki?

Hapana, ni wakongwe. Mizizi ya CRBC ni 1958, wakati huo haikuwa kampuni, ilikuwa ofisi ya misaada ya nje ndani ya wizara yao ya uchukuzi. Kazi yao ilikuwa kwenda kujengea barabara nchi marafiki. Ile barabara ya Karakoram inayopita milimani kutoka China mpaka Pakistan ni ya enzi hizo. Ikageuzwa kampuni ya biashara 1979, na CHEC ikafuata 1980.

Kenya waliingia 1984. Hesabu mwenyewe, wamekuwa hapa miaka zaidi ya thelathini kabla treni ya kwanza ya SGR haijaondoka Mombasa, na muda mwingi wa huo walikuwa wanafanya barabara za kawaida ambazo hakuna mtu alikuwa anauliza nani anajenga.

Ndo hao waliojenga TAZARA?

Sio hao. TAZARA ilijengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, na ofisi iliyosimamia ilikuwa ya wizara ya reli ya China. Ofisi hiyo baadaye ikawa CCECC, ambayo leo iko chini ya kampuni kubwa nyingine kabisa inaitwa CRCC. Ni majirani waliotoka serikali moja, lakini si ndugu wa tumbo moja, na kwenye tenda wanapigania mfupa mmoja.

Kwani kila Mchina mwenye helmeti ni wa CCCC?

La. Thika Road ilijengwa na China Wu Yi, Sinohydro na Shengli, kila mmoja na kipande chake. Daraja la Kigongo–Busisi kule Mwanza ni CCECC na mwenzake. Migodi ya Sicomines kule Kolwezi, Kongo, ni wengine tena. Ukitaka kujua soma ule ubao wa saiti barabarani, mwenye mradi na kontrakta wote huandikwa pale.

## Jinsi walivyokua

Walikuaje wakubwa hivi?

Hili ndo swali lenyewe, na majibu ya watu huwa mawili tu, ama "ni rushwa" ama "ni wachapakazi". Yote mawili ni mafupi mno.

Cha kwanza ni nyumbani kwao. Miaka ya 1990 na 2000 China ilikuwa inajenga bandari, barabara na madaraja kwa wakati mmoja, nchi nzima, na hawa walikuwa katikati ya hiyo kazi. Daraja la Sutong juu ya mto Yangtze lilifunguliwa 2008, sehemu ya katikati ina urefu wa mita 1,088 bila nguzo hata moja chini, na wakati huo hakukuwa na daraja la nyaya za aina hiyo lililolifikia duniani. Alafu 2018 likafunguliwa lile la Hong Kong, Zhuhai na Macau, kilomita 55 ukihesabu yote, na ndani yake kuna njia ya chini ya bahari karibu kilomita 6.7 iliyojengwa kwa kuzamisha maboksi ya zege, moja baada ya jingine, yanaungana huko chini gizani. CCCC ndo waliongoza sehemu hiyo ya visiwa na njia ya chini. Kampuni ikishafanya mambo hayo kwao, ina watu waliokosea wakajifunza, ina mitambo ambayo ishalipiwa na kazi nyingine, na inakuja kwako ikijua kwa hakika mhimili mmoja unachukua siku ngapi.

Cha pili ni sera. Karibu mwaka 2000 serikali yao iliziambia kampuni zake zitoke nje zikatafute kazi, na Exim Bank ya China ikawekwa nyuma yao kukopesha nchi zinazotaka kujenga. Kontrakta wa kawaida anakuja na bei. Hawa wanakuja na bei na mkopo wa kuilipia hiyo bei, na kwa nchi ambayo haina pesa mkononi hilo linamaliza maneno.

Cha tatu ni soko la hisa, waliuza hisa Hong Kong 2006 na Shanghai 2012, wakapata mtaji wa kununulia wengine. 2010 walinunua Friede & Goldman wa Marekani, wachoraji wa mitambo ya kuchimbia mafuta baharini. 2015 wakanunua John Holland, kampuni ya ujenzi ya Australia, kwa zaidi ya dola bilioni 1 za huko. 2021 wakachukua karibu asilimia 32 ya Mota-Engil ya Ureno, ambayo ina kazi Angola, Msumbiji na kwingineko Afrika. Ukinunua John Holland hupati mashine tu, unapata jina ambalo Mwaustralia analiamini tangu utotoni.

Kazi moja inazaa nyingine vipi? Mbona wakishapata moja hawatoki?

Angalia Kenya peke yake. Gati namba 19 bandari ya Mombasa, 2013. Southern Bypass ya Nairobi. SGR Mombasa–Nairobi, 2017. SGR Nairobi–Naivasha, 2019. Gati tatu za kwanza Lamu, ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021. Expressway ya Nairobi, 2022. Kituo kipya cha mafuta Kipevu, 2022. Zote ni nyumba hiyo moja.

Mimi nililiona hili kwa macho kwenye yadi yetu. Kazi yetu ilipokaribia kwisha nilidhani vitu vitapakiwa meli virudi kwao. Wapi. Kreni zilipakwa rangi upya, zile fomu za chuma za kumiminia mihimili zikasuguliwa kutu zikapakwa grisi, zikafunikwa turubai, na kila moja ikaandikwa namba kwa chaki na jamaa mmoja wa stoo ambaye hakuwa na haraka kabisa. Baada ya muda zikaanza kuondoka kwa lori kuelekea Nairobi, kazi ya Naivasha imeanza. Sasa we ni kontrakta wa Ulaya au Uturuki unataka kushindana kwenye kazi ile, lazima uweke kwenye bei yako kusafirisha mitambo yote kwa meli, kujenga kambi, kutafuta machimbo ya kokoto, kufundisha watu. Mwenzako ameshavilipia na kazi ya juzi. Bei yako itakuwa juu hata kama wewe ni fundi mzuri kuliko yeye.

Kwa hivo kampuni kama hii hailipwi pesa tu, kila mradi unaiachia kambi, mitambo, watu waliozoea na jina kwenye makabrasha ya wizara, ambavyo inaendea navyo mradi unaofuata.

Mbona wanashinda kila tenda?

Mara nyingine hakuna tenda ya kushinda. Mkopo wa Exim Bank kwa kawaida unakuja na sharti kwamba kontrakta awe wa China, kwa hivo ukishakubali mkopo umeshachagua mlango, imebaki kuchagua chumba. SGR haikupitia tenda ya wazi, na jambo hilo lilifika mahakamani. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ilisema Shirika la Reli halikufuata sheria ya manunuzi. 2023 Mahakama ya Juu ikaliona tofauti, kwamba ilikuwa ni makubaliano ya serikali kwa serikali na sheria ile ilikuwa imeacha nafasi hiyo.

Maoni yangu, na mimi nilikula mshahara wa kazi hiyo, ni kwamba tulikosea kutoshindanisha hata kampuni za Kichina zenyewe kwa zenyewe. Zipo nyingi na zinachukiana kibiashara. Wangeweza kushushana bei.

Ni kweli waliwahi kufungiwa na Benki ya Dunia?

Kweli. Januari 2009 Benki ya Dunia iliifungia CRBC miaka 8 kwa kupanga bei na wenzake kwenye mradi wa barabara Ufilipino. 2011 kifungo kikapandishwa mpaka kwa mama, CCCC, kikaisha mwanzoni mwa 2017. Yaani SGR yetu ya Mombasa–Nairobi ilisainiwa na sehemu kubwa ikajengwa wakiwa ndani ya kifungo hicho, lakini kifungo kinahusu miradi ya pesa za Benki ya Dunia na pesa zetu zilitoka Exim.

Kuna mahali waligonga mwamba?

Tena mara kadhaa, na ni vizuri watu wajue manake wengi wanadhani hawa hawashindwi.

Canada walitaka kununua kampuni ya ujenzi inaitwa Aecon, serikali ikakataa Mei 2018 kwa sababu za usalama wa nchi. Agosti 2020 Marekani ikaweka kampuni kadhaa za kundi hilo kwenye orodha ya vikwazo vya biashara kwa ajili ya visiwa vilivyojengwa bahari ya kusini ya China.

Uganda ni ya karibu zaidi. CHEC walipewa reli ya Malaba–Kampala 2015, miaka ikapita, mkopo wa China haukuja, manake aliyekuwa akopeshe alitaka kuona reli ya Kenya ikifika mpakani kwanza na ya kwetu ilikomea Naivasha. Januari 2023 Uganda ikavunja mkataba, na Oktoba 2024 ikasaini na Yapı Merkezi ya Uturuki, hao hao waliojenga SGR ya Tanzania Dar–Morogoro–Dodoma. Hapo ndo unaona kwamba mkopo ukikosa, ule ukubwa wote haufui dafu.

Lakini inayonifurahisha ni Malaysia. Serikali mpya iliingia 2018 ikasimamisha mradi wa reli ya pwani ya mashariki, CCCC wakiwa kazini tayari. Wakakaa mezani, Aprili 2019 bei ikashuka kutoka ringgit bilioni 65.5 mpaka bilioni 44. Reli ilifupishwa kidogo, ndio, lakini si kwa kiasi hicho. Bei ya kontrakta mkubwa inashuka akikutana na mtu aliyejiandaa.

## Pesa

Nani anawalipa, na kwa njia gani?

Tuseme SGR. 2014 Kenya ilisaini mikopo ya dola bilioni 3.6 na Exim Bank, mmoja wa masharti nafuu wa bilioni 1.6, mwingine wa kibiashara wa bilioni 2. Iliyobaki tulitoa wenyewe, na ndo maana tangu 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli kwenye bidhaa zinazoingia nchini, ulianza na asilimia 1.5. Umenunua friji ya kutoka nje tangu wakati huo? Umechangia.

Kazi ikifanyika kontrakta anaandika hesabu, mhandisi msimamizi anapima na kuidhinisha, karatasi zinaenda, benki inamlipa kontrakta. Mkopo wa aina hii kwa kawaida haupiti kwanza kwenye akaunti ya serikali yako, unatoka benki ya kwao unaenda kwa kampuni ya kwao. Kinachokuja kwako ni reli na deni.

Deni lile lilikuwa kwa dola na shilingi ilipoanguka likauma zaidi. 2025 Kenya ilikubaliana na China kugeuza mikopo ya SGR kutoka dola kwenda yuan ili riba ipungue.

Bandari ya Mombasa iliwekwa rehani? Nijibu ndio au hapana.

Hapana kwa namna watu wanavyosema, kwamba deni likishindikana meli ya Mchina inakuja kuchukua gati. Serikali ya Kenya na ya China zote zilikana. Lakini moshi ule ulikuwa na moto wake. Mwishoni mwa 2018 ilivuja barua ya ukaguzi iliyoonya kwamba mali ya Mamlaka ya Bandari huenda haina kinga kwa sababu ya namna mkataba ulivyoandikwa. Na lipo jambo ambalo halina ubishi, bandari iliahidi kuipa SGR kiasi fulani cha mzigo kila mwaka, mzigo usipofika bandari inafidia.

Ahadi hiyo ndo iliyoleta amri kwamba kontena ziende kwa treni, na wewe kama ni mtu wa Mombasa nisikueleze yaliyofuata. Malori yalilala Miritini na Changamwe, depo za kontena zikafunga, vijana waliokuwa wanapakia wakarudi nyumbani, 2019 watu waliandamana kila Jumatatu. Amri iliondolewa Septemba 2022 na serikali iliyoingia. Kwa mimi hiyo ndo iliyokuwa rehani yenyewe, kazi ya watu wa Pwani, na hakuna aliyetuuliza kabla ya kusaini.

Wengi hutoa mfano wa Hambantota, Sri Lanka. CHEC walikuwa wajenzi tu. Aliyeikodi 2017 kwa miaka 99 ni China Merchants, kampuni nyingine.

Expressway ni ya nani hasa?

Ardhi ni ya serikali. Barabara itakuwa ya serikali, baadaye. Kwa sasa inaendeshwa na Moja Expressway, kampuni ya CRBC, kwa miaka 27, alafu ndo inarudishwa. Ni kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, magari yalianza kupita Mei 2022. CRBC ndo walioleta pesa, na wanazirudisha kupitia wewe unapofika kwenye kizuizi. Gari dogo lilianza kwa shilingi 120 mpaka 360 kulingana na unapoingia na kutoka, Januari 2024 ikapanda mpaka 170 na 500.

Hapa ndo pa kutulia uangalie. Gati 19 walikuwa mafundi, wakajenga, wakalipwa, wakaondoka. Kwenye SGR walijenga na pia wakabaki kuendesha treni kupitia kampuni yao ya Afristar, na Shirika la Reli lilianza kuchukua kazi hizo kidogo kidogo kuanzia 2021. Kwenye Expressway wao ndo wenye mtaji, wajenzi na wakusanyaji. Ndani ya miaka kama kumi, fundi amegeuka mwenye nyumba. Ukitaka kuelewa ukuaji wa kampuni hii huhitaji kwenda Beijing, simama tu pale Mlolongo.

Entebbe iliendeshwa kivingine. CCCC walijenga zile kilomita 51, mkopo ukatoka Exim, ikafunguliwa 2018, tozo zikaanza Januari 2022 lakini aliyepewa kazi ya kuzikusanya ni Egis ya Ufaransa na barabara ni ya serikali ya Uganda. Kwa hivo inawezekana mjenzi asiwe mkusanyaji.

Na barabara ya Rironi–Mau Summit?

Ni hatua nyingine ya safari hiyo hiyo, soma jibu la juu kwanza. 2025 CRBC walipewa sehemu ya barabara hiyo wakiwa pamoja na NSSF. Yaani safari hii pesa za pensheni za mfanyakazi wa Kenya zimo ndani pamoja na zao, na zitarudishwa kwa tozo. Tukikaa vizuri kwenye mkataba faida nayo inabaki hapa. Mwanachama wa NSSF ana haki ya kuuliza maswali, na aulize mapema.

## Kazi na watu

Wanaleta vibarua wao kutoka China?

Vibarua hapana. Wapishi, mainjinia, wapima, manyapara, waendeshaji wa mitambo mikubwa, hao ndio wanakuja nao. Wanaofunga nondo, wanaobeba, wanaomimina, walinzi, madereva wa malori, karibu wote ni wa hapa. Mkataba wa SGR ulilenga asilimia 40 ya vitu na huduma zitoke nchini, ndo maana saruji ya Kenya ilienda sana.

Lugha ilikuwa ni mikono, Kiswahili cha maneno hamsini na chaki. Mhandisi wangu alikuwa anachora kwenye ubao wa fomu, anaweka namba, anapiga mstari chini, anasema "hii, leo, maliza". Nami nilijifunza namba za Kichina mpaka leo siwezi kuzisahau.

Mishahara na manyanyaso?

Vibarua walilipwa kidogo na walilalamika, migomo ilikuwepo. Baada ya treni kuanza, 2018, magazeti ya Kenya yaliandika wafanyakazi wakilalamikia ubaguzi. Ukiwa na malalamiko, barua ya ajira na karatasi za malipo ndo silaha yako kwa ofisi ya kazi, usizitupe.

Kazi yao ni imara au ni ya kubomoka?

Nitajibu la zege kwa sababu nililishika kwa mikono. Lori la zege likifika hatukumimina moja kwa moja. Tunachukua kidogo kwa toroli, tunajaza kwenye koni la chuma kwa tabaka tatu, kila tabaka unachoma kwa fimbo mara 25, unasawazisha juu, alafu unanyanyua koni taratibu. Zege linashuka. Unapima limeshuka kiasi gani. Likishuka sana lina maji mengi, lori linarudi. Nimeona malori yakirudishwa saa nane usiku, dereva Mkenya amechoka anatukana, mhandisi Mchina naye amechoka, na hakuna aliyemimina. Alafu tunajaza viboksi vya mchemraba, zege likishaganda linakaa ndani ya maji, siku ya 7 tunavunja vipande vingine kupima nguvu, siku ya 28 vingine, tunaandika.

Wakisimamiwa hivo kazi inatoka imara. Kampuni hiyo hiyo isiposimamiwa itakupa unachoikubalia, na hilo ni kwa kontrakta yeyote wa taifa lolote. Kwa hivo swali lako muulize mhandisi msimamizi wa serikali yako, ndiye mwenye sahihi.

Tumebaki na ujuzi?

Kiasi. CRBC waligharamia vijana wa Kenya kwenda kusoma mambo ya reli Beijing Jiaotong, na leo kuna Wakenya wanaoendesha treni, wanawake wakiwemo. Kwenye maabara tulibaki watu tunaoweza kusimamia zege popote. Lakini ujuzi mkubwa, wa kupanga mradi wa kilomita mia nne na sabini, kununua, kupanga bei, kuandika hesabu ya madai, huo ulikaa kwenye ofisi ambazo sisi tulikuwa tunapeleka karatasi tu na kutoka. Hilo ndo linaloniuma kuliko deni.

Wavuvi wa Lamu walilipwa?

2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76, zaidi ya wavuvi elfu nne, kwa sababu uchimbaji wa bandari uliharibu mikoko na maeneo yao ya kuvulia. Baada ya hapo ni rufaa, mazungumzo na kungoja miaka. Kontrakta alikuwa analipwa kwa mkataba kila hatua, mvuvi alilazimika kwenda kortini.

## Ya pembeni

Mimi ni fundi wa nondo, napataje kazi?

Jiandikishe na NCA, mamlaka ya ujenzi ya taifa, kama fundi ili uwe na kadi, alafu nenda kambini asubuhi mwanzoni mwa mradi, miezi ya kwanza ndo wanachukua watu wengi. Usimlipe mtu yeyote getini.

Kampuni ndogo ya Kenya inaweza kupata kipande?

Sheria iko upande wako. Kanuni za NCA zinamtaka kontrakta wa nje aahidi kwa maandishi kwamba si chini ya asilimia 30 ya thamani ya kazi itaenda kwa kontrakta wa hapa. Shida ni kwamba wengi wetu tunaomba mitaro na uzio tu. Omba kazi yenye hesabu, madaraja madogo, makalvati makubwa, ili na wewe kesho uwe na kitu cha kuonyesha, manake hao wenyewe ndivyo walivyopanda, rudi kwenye lile jibu la kazi moja kuzaa nyingine.

Nina lori la mchanga, nipeleke?

Peleka, ila ujue unampelekea nani. Mara nyingi hutauza kwa kampuni kubwa, utauza kwa kontrakta mdogo aliyepewa kipande. Mimi na shemeji yangu tulipeleka mchanga kwa mmoja kama huyo, wa hapa hapa, miezi mitatu. Miwili alilipa vizuri, wa tatu akasema anangoja naye alipwe, alafu simu ikawa haipatikani. Tulipoenda kambini kuuliza tukaambiwa kwa heshima kabisa kwamba sisi hatujulikani, aliyeandikwa ni yule.

Kwa hivo kabla ya tripu ya kwanza dai karatasi ya oda yenye muhuri, na kila tripu hakikisha mtu wa stoo amesaini kitabu chako, tarehe, namba ya gari na kiasi, sahihi yake na jina lake. Shemeji bado ana kile kitabu cha kopi za bluu. Karatasi za miezi miwili zina sahihi, za mwezi wa tatu dereva alikuwa anakimbilia kurudi machimboni kabla ya jua kuzama, zote ziko wazi.